Nani Anampa Nani Alama

Aliyesoma shule kwetu anaijua hesabu ya hamsini. Ukipata 50 kwa 100 umepita. Chini ya hapo unarudia darasa, na baba anatafuta mbuzi mwingine wa kuuza. Ukipata 60 wewe ni mtoto wa maana. Ukipata 70 mama anachinja kuku. Alama 90 hatuzioni, na mwalimu akizitoa, wenzake wanamwuliza mzazi amempa nini. Chuo kikuu kinapanda ngazi hiyo hiyo tuliyoachiwa na Wabelgiji: kuanzia 50 hadi karibu na 70 cheti kinatamka kwamba mwanafunzi ameridhisha, 70 ni heshima, 80 ni heshima kubwa.

Naanza na shule kwa sababu nimefundisha darasa la sita upande wa Nyabiondo, wilayani Masisi, na ualimu ndio ulioniingiza katika kazi yangu ya pili: kuzunguka vijijini na fomu, baadaye na simu, nikiuliza watu wameridhika kiasi gani. Mashirika yakifika Masisi au Walikale kutafuta wa kuuliza maswali, huchukua walimu. Tunajua kusoma, tunajulikana, na mshahara wetu unakuja kwa kusuasua. Basi tangu miaka ya vita vya waasi wa CNDP nimekusanya alama za kila namna: za unga wa msaada, za vyoo vya kambini, za muuguzi, za polisi, za usalama wa njia ya shambani. Moja hadi tano, au sifuri hadi kumi. Kazi hii ina historia yake, na historia hiyo naona watu wetu wanastahili kuijua, kwa maana wao ndio wanaoulizwa, na kila wanapoulizwa wanapima kwanza jambo moja: alama hii nikiitoa, itamfanya nani nini?

Kipimo chenyewe kilitungwa Marekani. Mwaka 1928 mwanasaikolojia L. L. Thurstone aliandika kwamba mitazamo ya watu inaweza kupimwa. Njia yake ilikuwa ndefu; ilihitaji kwanza kundi la waamuzi wa kuzipanga sentensi kwa uzito wake. Mwaka 1932 Rensis Likert, mzaliwa wa Cheyenne, Wyoming, aliyekuwa akimaliza udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, akaifupisha: mtajie mtu sentensi, mpe majibu matano kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa, kila jibu lipe namba, kisha jumlisha. Aliowauliza walikuwa wanafunzi wa vyuo. Mambo aliyowauliza yalikuwa uhusiano wa mataifa, ubeberu, na watu weusi. Hapo nilisoma mara mbili. Kipimo anacholetewa leo mama wa Kashebere aseme neno juu ya ndoo na sabuni kilianza kwa kuwauliza vijana wa Marekani wanamwonaje mtu mweusi, na wanaonaje nchi moja kuitawala nyingine.

Mwaka ule ule wa 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, wakaipa uwezo wa kugawa ardhi yetu kwa walowezi. Milima ya Masisi ikageuka mashamba ya kahawa, chai na pareto, na malisho ya ng'ombe. Mwaka 1937 ukaanza mpango wa kuhamishia Masisi familia kutoka Rwanda, ule unaotajwa kwa herufi MIB, ukaendelea hadi 1955. Wakulima wa Kihunde waliokuwa na ardhi hawakuulizwa. Familia zilizohamishwa nazo hazikuulizwa kama zimeridhika na mahali zilipowekwa. Elimu ya kupima maoni ilikuwa imeshakuwepo duniani, vitabu vyake vimeshachapishwa. Kwetu haikuonekana kuwa na kazi. Na ugomvi wa ardhi ambao leo unawekewa swali lake kwenye fomu, nani mwenye haki na nani anaaminiwa kuumaliza, mizizi yake iko katika miaka hiyo.

Waliopewa alama wakati ule ni sisi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Mkongo aliyeonekana amestaarabika: awe anajua kusoma na kuandika, awe na mke mmoja, asiwe na doa la wizi wala la uchawi. Mwaka 1952 ikaongezwa ngazi ya juu zaidi, na hapo mwombaji alikaguliwa hadi nyumbani kwake, watu wakatazama anavyoishi na familia yake. Walioipata walikuwa wachache mno. Babu zetu waliielewa vizuri maana ya mgeni mwenye kalamu anayeingia ndani na kutazama sufuria. Ninapobisha hodi na kibao changu cha plastiki, namkuta mzee ambaye mwili wake unaikumbuka kalamu hiyo, na anakaa wima.

Zamu ilianza kugeuka Goma, tena kwa msiba. Julai 1994, kwa siku chache tu, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda. Kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika kambi zilizosimama juu ya mawe ya volkeno, Kibumba, Katale, Mugunga. Mashirika yalimiminika, mengi bila kuulizana wala kumwuliza mtu, na ndani ya kambi waliopanga mauaji ya kimbari ya Rwanda wakashika orodha za chakula. Tathmini kubwa ya pamoja iliyotoka 1996 iliyasema makosa hayo bila kuyafunika. Kazi ya kuweka viwango vya misaada ikapata nguvu kutoka hapo: mradi wa Sphere ulioanza 1997, na hatimaye, Desemba 2014, kiwango cha msingi chenye ahadi tisa, mojawapo ikiwa kwamba malalamiko ya anayesaidiwa yatapokelewa na kushughulikiwa. Kwa hiyo sehemu ya asili ya fomu hizi iko kwetu. Mtu wa Sake anayeulizwa kama foleni ilikwenda kwa heshima anaulizwa kwa sababu ya kilichotokea kilomita chache kutoka kwao, na sijapata kumsikia mgeni yeyote akimweleza hivyo.

Uchunguzi mkubwa wa maoni ya raia ulitufikia mwishoni mwa 2007. Timu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Chuo Kikuu cha Tulane na Kituo cha Kimataifa cha Haki ya Mpito, wakiwemo Patrick Vinck na Phuong Pham, iliwauliza watu 2,620 habari za amani, haki na usalama, wengi wao wakiwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Ripoti ikatoka Agosti 2008. Vinck na Pham walirudi tena wakiwa Harvard, na kuanzia mwishoni mwa 2013 uchunguzi wa namna hiyo ukawa unarudiwa mara kwa mara mashariki mwa Kongo. Swali mojawapo lililozoeleka katika kazi za aina hii ni la usalama: unajisikia salama kiasi gani kutembea peke yako usiku kijijini, kwenda sokoni, kwenda kuteka maji, kwenda shambani.

Swali hilo nalipenda, japo lilinipa taabu. Mzee mmoja huko Lukweti aliniangalia kwa huruma. "Madamu, nani anatembea usiku?" Nikamweleza kwamba ni mfano tu, kama ingebidi. "Kama ingebidi, basi mtu amekufa au mtoto anazaliwa. Hapo sihesabu usalama, nakwenda." Lakini mke wake, tulipofika kwenye maswali ya soko, maji na shamba, alijibu mara moja, bila kungoja nimalize ngazi zote. Sokoni nne. Majini tatu. Shambani moja. Shambani ndiko wanawake wa Masisi wanakokutwa na watu wenye silaha, na mihogo haiji yenyewe nyumbani. Takwimu hizo tatu zilibeba kile ambacho mkutano mzima wa wazee wa kijiji, wote wanaume, haukukisema asubuhi ile. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba namba hazifai kwa watu wetu. Kuna mambo mwanamke hawezi kuyasimulia mbele ya shemeji yake, lakini anaweza kusema "moja" na kuendelea kumenya viazi.

Tatizo liko katika namna ya kuuliza, na namna hiyo tuliirekebisha wenyewe, walimu na wauguzi tuliokuwa tukiajiriwa siku chache chache. Fomu inakuja kwa Kifaransa. Inataka umsomee mtu majibu matano. Ukifika la tano, la kwanza ameshalisahau, basi anachagua la mwisho kwa adabu. Tukajifunza kuligawa swali mara mbili: kwanza, ni kuzuri au kubaya? Akishajibu: sana, au kidogo? Anayesema si hiki wala kile anabaki katikati bila kusukumwa. Mbinu hiyo ipo katika vitabu vya wataalamu, nilikuja kuiona baadaye. Sisi tuliipata barazani. Kwa wasiojua kusoma tulitumia maharagwe. Kwenye kifuniko cha sufuria unaweka punje kumi, unamwambia mama zote ni zake, asukume upande wako kadiri alivyoridhika. Mkono hauna haraka kama mdomo. Nimeona mama akisukuma punje nane, akatulia, akarudisha mbili, na ndipo akaanza kunieleza zile mbili.

Sasa ile hesabu ya shule. Mwaka 2003 Mmarekani Fred Reichheld alichapisha katika Harvard Business Review njia ya kumpima mteja kwa swali moja: kutoka sifuri hadi kumi, ungemshauri mwenzako atumie huduma hii? Anayesema 9 au 10 anahesabiwa mtetezi wako. Wa 7 na 8 hawahesabiwi upande wowote. Kuanzia 6 kushuka, wote ni wapinzani, na asilimia yao inatolewa katika asilimia ya watetezi. Njia hiyo imeenea dunia nzima, katika benki na kampuni za simu, na siku moja niliikuta imechomekwa katika fomu ya shirika moja lililotaka kujua mawazo ya watu juu ya kituo cha afya. Nikauliza wilayani kwetu, Masisi, kisha tukavuka hadi Kibua upande wa Walikale. Sita, saba, sita, nane, sita. Watu walikuwa wakisifu! Mtu aliyelelewa na buletini ya shule ya Kongo akikupa sita kwa kumi amekwambia umemridhisha, na saba ni kuku. Katika majumuisho yaliyofanyiwa mbali, kituo kile kilitoka na alama chini ya sifuri. Niliandika barua kueleza. Kiongozi wa timu akaisoma, akaitetea, na jedwali la mwisho likaonyesha majibu yenyewe badala ya ile tofauti. Kituo kilibaki na dawa zake. Hadi leo nikiona swali hilo kwenye fomu ya kwetu naomba liondolewe, na naomba kwa nguvu.

Kinyume chake ni tano kwa tano. Baada ya mgawo wa chakula au wa hela, wanatuma watu wa kuuliza: ulipata kiasi ulichoahidiwa, kuna aliyekutoza, umeridhika? Vijiji vizima vinajibu tano. "Andika tano, Madamu, tunashukuru." Mwanzoni mgeni anafurahi. Aliyekaa anajua kwamba listi ya mgawo ujao bado haijafungwa, kwamba aliyeandika majina ni ndugu wa shefu wa kijiji, na kwamba ndugu huyo amesimama hatua kumi kutoka tulipo. Wahamishwa wanaoishi kwa familia za wenyeji ndio wenye hofu kuliko wote. Jetoni yao ya mgawo inaweza kupotea kwa neno moja. Hiyo tano ni sauti ya mtu anayelinda chakula cha watoto, na sioni kosa lake. Kosa ni la anayeichora kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Ukitaka kujua, uliza wiki mbili baadaye, jikoni, mwanamke kwa mwanamke, na usiulize kuridhika. Uliza ilichukua siku ngapi unga kwisha, na nani mwingine alikula.

Nilichokiona kikifanya kazi vizuri kupita vyote ni kile ambacho shirika la CARE lilikianza Malawi mwaka 2002: kadi ya alama ya jamii. Kilifika mashariki mwa Kongo kupitia miradi mbalimbali, nasi tulikitumia katika eneo la afya la Mweso. Wanawake wanakaa peke yao, wanachagua wenyewe mambo ya kupima, wanatoa alama. Wanaume peke yao. Vijana peke yao. Wauguzi nao wanajipa alama zao wenyewe, mlango umefungwa. Kisha siku moja wote wanakutana uwanjani na makaratasi makubwa yanabandikwa pamoja ukutani.

Siku yetu ilikuwa ya jua kali. Jambo la kwanza lilikuwa muda wa kungoja. Wauguzi walijipa nne. Wanawake walikuwa wametoa moja. Uwanja ukanyamaza, kisha kelele. Muuguzi mkuu, mtu wa heshima zake, akasimama akiwa amekasirika: anafungua saa mbili kila siku, daftari lipo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kweli, Papa, unafungua saa mbili. Lakini siku ya soko sisi tunapita hapa alfajiri, na jioni tukirudi umefunga. Mimi nangoja hadi siku nyingine ndiyo nikuone. Hiyo ndiyo moja yangu." Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Namba mbili zilizopishana ziliwalazimisha kuonyeshana saa zao. Walikubaliana hapo hapo: siku ya soko mmoja wa wauguzi afungue mapema, na kamati ya afya itafute mtu wa kumletea maji na kuni ili asichelewe kwa kazi za nyumbani. Jambo la pili lilikuwa bei ya kuzalisha, na hapo ugomvi ulidumu hadi mvua ikaja, na haukwisha siku ile. Tuliporudi miezi kadhaa baadaye alama ya muda ilikuwa imepanda hadi tatu. Wanawake walibishana wenyewe kwa wenyewe kama wampe nne, mmoja akasema bado, asije akalala.

Huko ndiko alama inakokuwa na maana, kwa sababu anayeitoa anamwona anayeipokea, na kesho watakutana tena. Namba iliyopanda ndege kwenda Geneva haina uso huo.

Kuna mahali pengine ninaposema kipimo kikae mfukoni. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010 watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine 12 vya njia ya Kibua hadi Mpofi, Walikale. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Mwenye silaha alikuja mara moja. Wenye maswali walikuja kwa mfululizo. Mwanamke aliyekwisha kusimulia hawezi kuombwa kusema uchungu wake ni wa ngapi kwa kumi ili daftari lijae. Kama una dawa, mpe dawa. Kama wewe ni wa mahakama, sikiliza, andika maneno yake, na umwambie kesi itaendaje.

Simu zimebadilisha kazi. Tangu 2009 hadi 2011 watu wa Chuo Kikuu cha Columbia walijaribu, katika vijiji vya Kivu Kusini, kuwapa wanakijiji simu watume habari kwa namba za mafumbo badala ya kungoja mtu wa fomu. Wazo zuri. Kwetu Masisi linawezekana pale penye mnara. Ukiingia misitu ya Walikale unatembea na karatasi, na anayesikika katika uchunguzi wa simu ni mfanyabiashara wa Mubi au kijana wa machimboni mwenye pesa ya betri. Bibi wa Ntoto hana namba, kwa hiyo katika jedwali hayupo.

Kisha vita vikafika juu ya kila kitu. Januari 2025 M23, kundi la waasi, iliingia Masisi mjini, baadaye mwezi huo huo Goma. Machi ikafika hadi Walikale mjini, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Februari watu wa kambi zilizozunguka Goma, wengi wao wa Masisi, waliambiwa wavunje mahema warudi makwao. Vyoo walivyovipa alama vikabaki peke yake. Wakati huo huo pesa za msaada wa Marekani zilisimamishwa, na miradi mingi ikafungwa kabla majibu hayajasomwa. Kuna fomu nilizojaza mimi ambazo najua hakuna aliyezifungua. Nilipokutana na mmoja wa waliozijibu, njiani Sake, aliniuliza kwa upole kabisa: "Madamu, zile tano zetu zilifika?" Nikamwambia hazikufika, na sababu yake.

Tangu hapo, kila shirika dogo linalonichukua, nalitolea sharti kabla sijashika kalamu. Swali la kwanza la fomu liwe: mara ya mwisho ulipoulizwa ulisema nini, na nini kilifanyika? Hakuna ngazi hapo, mtu anasema mwenyewe. Wengine wanaogopa kuliweka, kwa sababu jibu linajulikana. Waliokubali wamekuta kwamba baada ya swali hilo watu hawatoi tano tena kwa adabu. Wanauliza jina la mradi, wanauliza nani atasoma, wanauliza lini tutarudi. Mama mmoja wa Nyabiondo alikataa kujibu lolote hadi nimwandikie tarehe ya kurudi kwenye ukuta wa nyumba yake kwa mkaa. Niliiandika, shirika likanipa pikipiki ya kunirudisha siku hiyo, nikamkuta amewaita majirani wake wote.